Alama za Kuuliza kwenye Makaburi ya Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kihistoria. Mkuu wa ofisi ametuita sote chumbani kwake. Sote, yaani watu watatu. Ofisi ya makaburi haina jeshi.

Mimi ni karani wa kwanza. Miwani ni karani wa pili, japo yeye aliajiriwa kabla yangu. Koleo ndiye mchimbaji. Jina lake halisi nadhani hata mwenyewe amelisahau.

Mkuu alisema eneo la nyuma, walikozikwa wageni wa zamani waliokuja kujenga reli, litasawazishwa Jumamosi. Nafasi imekwisha na watu hawaachi kufa. Kaburi litakaloachwa ni lile tu ambalo ndugu atalidai kwa namba kabla ya Ijumaa saa kumi. Namba zimo kwenye kompyuta. Tatizo, alisema Mkuu huku akijifuta jasho, kompyuta haitaki kuzitoa. Majina ya kule nyuma yameandikwa kwa herufi za kwao, zenye mikia na vidoto. Ukiandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, kivinjari kinajibu: Hakuna kilichopatikana. Ukifungua orodha nzima unaona takataka tupu: robo, nusu, alama ya paundi, herufi a imevaa kofia. Daftari za karatasi zilioza stoo mwaka ule paa lilipovuja.

Kisha akasema maneno matamu. Atakayetengeneza atakuwa Mkuu wa Kumbukumbu. Chumba chenye dirisha! Kiti cha kuzunguka!

Miwani aliinua kidole. Mimi nikasimama kabisa. Nikasema mambo ya herufi niliyasomea, Ijumaa haitafika kabla sijamaliza. (Nilisomea kupiga chapa, wiki sita. Herufi ni herufi.)

Nyumbani nilitangaza habari hii kabla hata ya kuvua viatu. Mke wangu alisema hongera kwa sauti ya mtu anayehesabu vijiko. Lakini mama mkwe aliweka kikombe chini akanitazama. Si jambo dogo. Mama mkwe anaishi kwetu mwaka wa nne na hajawahi kunitaja isipokuwa kwa neno moja: huyo. Huyo amekula? Mwambie huyo afunge mlango. Leo alinitazama usoni akauliza kama ni kweli naweza kulipata jina la kule nyuma.

Kumbe ana mdogo wake kule! Miaka kumi na minne ndani ya ndoa, sijui. Walifika hapa wadogo, baba yao fundi wa reli. Mdogo mtu akapata homa, akafa na miaka tisa. Mama mkwe alikuwa na kumi na moja. Walikuwa wakilala kitanda kimoja kwa sababu yule mtoto aliogopa kulala peke yake. Siku ya mazishi mama mkwe alimwahidi, pale pale shimoni, kwamba atakuja walale wote. Basi. Anataka azikwe pembeni yake, na hajui ni wapi. Kijiti chenye jina kilianguka kitambo. Amekwenda ofisini kwetu mara tatu, mara zote ameambiwa hakuna kilichopatikana.

Nilimuuliza nani alimjibu hivyo. Akasema: huyo.

Sikumbuki. Huwa nahudumia watu wengi.


Jumanne, 5 Machi

Kazi imeanza. Nilifika mapema, nikafuta vumbi kwenye skrini, nikakunja mikono ya shati.

Dawa ya kwanza: nilikuza maandishi. Mtu akishindwa kusoma si ndio tunamwandikia makubwa? Takataka zikawa kubwa. Ile a yenye kofia ilijaa nusu ya skrini.

Dawa ya pili: nikabadilisha mwandiko, ule ulionyooka nikaweka ule wa kadi za harusi. Takataka zikawa na madoido.

Dawa ya tatu: nikazima kompyuta, nikahesabu mpaka mia, nikawasha. Nikaweka kivinjari kipya. Kivinjari kipya kikanijibu kwa adabu zaidi: Samahani, hakuna kilichopatikana.

Wakati wa chai Miwani alikuja kunifundisha kazi. Bila kuombwa! Alisema majina hayajaharibika, ni mazima huko ndani. Ndani ya kompyuta kila herufi ni namba, na kuna majedwali ya kusomea zile namba. Faili limeandikwa kwa jedwali jipya, lenye herufi za dunia nzima. Ule ukurasa wetu wa kutafutia unakiambia kivinjari kisome kwa jedwali la zamani, lenye herufi chache. Ni mstari mmoja tu juu ya ukurasa, ubadilishwe, jambo limekwisha. Halafu akanyoosha kidole akasema chochote nitakachofanya, nisije nika...

Hapo nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Ninavyomfahamu Miwani, akisema ni mstari mmoja maana yake anataka Mkuu asikie kwamba ni mstari mmoja. Ananitilia mchanga kwenye kitumbua. Nilimshukuru, nikamwomba asogee, ananizibia mwanga.

Mchana nilimwandikia Mkuu barua ya siri. Nilisema kazi hii inahitaji utulivu, na kwamba mwenzangu, kwa nia njema kabisa, anavuruga mashine. Nikapendekeza akasaidie getini kwenye orodha ya wageni. Nikaweka mihuri miwili.

Jioni nilipofika nyumbani mama mkwe aliinuka kwenye kochi lake. Lile la mto mwekundu, ambalo hata mtoza kodi ya nyumba hajawahi kulikalia. Akasema nikae, nimechoka. Mke wangu alitoka jikoni kushuhudia. Nikakaa. Kochi lina springi iliyochomoka upande wa kulia lakini sikuthubutu kujigeuza. Mama mkwe akanipa kikaratasi. Ameandika jina la mdogo wake kwa herufi za kwao. Lina mkia mmoja mrefu mwishoni na vidoto vitatu juu. Nimelitia mfuko wa shati.

Akaniita mwanangu. Mara moja, haraka haraka, kama aliyejikwaa. Lakini nilisikia.


Jumatano, 6 Machi

Miwani yuko getini! Mkuu hakuuliza hata swali. Nilimwona akibeba kikombe chake na kile kimea chake cha kwenye kopo. Alipopita mezani kwangu alisema kitu kuhusu faili, nikajitia nazungumza na simu. Simu ilikuwa imezimwa.

Peke yangu. Utulivu.

Niliwaza hivi: kwa nini nihangaike na ukurasa? Ugonjwa uko kwenye faili, nimtibu mgonjwa mwenyewe. Nikalifungua faili moja kwa moja kwenye programu ya kuandikia.

Lo! Yakatokea! Majina yote, elfu mbili mia tatu na kumi na sita, na namba pembeni, herufi safi zenye mikia na vidoto, mstari kwa mstari. Nilipiga meza. Hakuna takataka hata moja. Nimelitengeneza kwa kulifungua tu. Nikatazama huku na huku nimpate wa kumwonyesha. Hakuna mtu. Ubaya wa utulivu ndio huo.

Kikaratasi cha mama mkwe kilikuwa mfukoni. Ningeweza kulitafuta jina pale pale. Nilifikiria kufanya hivyo. Lakini mtu mwenye utaratibu huhifadhi kazi kwanza. Umeme ukikatika je?

Nikabonyeza Hifadhi. Kompyuta ikauliza: aina mpya au aina ya zamani? Makaburi ni ya zamani. Nikachagua ya zamani. Likatokea dirisha dogo la njano: Faili hili lina herufi ambazo zitapotea. Una uhakika unataka kuendelea?

Mimi kompyuta haitanitisha. Nikabonyeza Ndiyo.

Nikafunga. Nikaenda kunywa chai nikiwa nimeshiba ushindi. Niliporudi nikalifungua ili nilitafute lile jina.

Alama za kuuliza.

Zote. Kuanzia mstari wa kwanza hadi wa elfu mbili mia tatu na kumi na sita. ????? ?????, kaburi la tatu. ???? ??????, kaburi la nne. Kama vile marehemu wote wameamka kwa pamoja wakaniuliza nimefanya nini.

Nimezima kompyuta. Labda kesho zitarudi.


Alhamisi, 7 Machi

Hazikurudi.

Nimebonyeza kitufe cha kurudisha nyuma mpaka kidole kimevimba. Nimebadilisha aina ya zamani kuwa aina mpya. Sasa ni alama za kuuliza za aina mpya. Nilimpigia binamu yangu anayetengeneza redio. Akauliza kama nimejaribu kuipiga ubavuni.

Watu kumi na wawili wamekuja leo kudai namba. Niliwaambia mfumo unapumzika. Mzee mmoja aliuliza mfumo umefanya kazi gani hata uchoke. Ndugu wa waliozikwa kule nyuma wana maneno makali, ndiyo maana mama mkwe ni vile alivyo.

Saa nane Miwani aliingiza kichwa dirishani. Aliuliza kama naendelea vizuri. Nikasema vizuri mno. Akasema nikikwama nimwambie, kwa kuwa Jumatatu ile ile alikuwa ame... Nikamkatiza. Nikamwambia hakuna mtu aliyekwama hapa, arudi getini, wageni hawana wa kuwaandika. Akavuta dirisha.

Sikutaka kumwona akijua. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi: niliogopa. Ningemwambia, angemwambia Mkuu, na jioni ningefika nyumbani nikiwa huyo.

Mkuu alipopita nikamwambia kazi imekwisha, bado kupiga pasi tu. Akanipa mkono. Akasema kiti kitaletwa kesho.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amefua shali yake na kuianika mlangoni. Ya kwendea kaburini. Aliuliza ni kesho au kesho kutwa. Nikasema kesho.

Midomo yangu hii! Sijui nani huwa anaisemesha.


Ijumaa, 8 Machi

Nimelala vibaya lakini nimeamka na mpango.

Hoja yangu ni hii. Mama mkwe hajui kaburi liko wapi. Hajawahi kujua. Anachotaka ni mahali pa kwenda. Basi apewe mahali. Kwa nini apewe kule nyuma kunakosawazishwa kesho, penye nyasi na nyoka, wakati eneo la mbele lina njia ya zege na benchi? Mama wa watu ana magoti mabovu. Mimi si katili.

Nikazunguka asubuhi na daftari mkononi. Koleo aliuliza natafuta nini. Nikasema nakagua. Nikachagua namba 121: jiwe limefutika, karibu na benchi, kivuli mpaka saa saba. Kaburi la heshima kabisa. Hata mimi ningelipenda.

Saa nne mke wangu alimleta mama mkwe kwa teksi. Amevaa ile shali. Nikawaongoza. Nilisema hili hapa, mia moja ishirini na moja, kompyuta imethibitisha. Mama mkwe akauliza mbona anakumbuka waliteremka mtelemko siku ile, na hapa ni tambarare. Nikamwambia ardhi hubadilika. Akaniamini.

Nilidhani atalia kidogo. Hakulia kidogo. Alipiga magoti na yale magoti yake, akalala kifudifudi juu ya jiwe, akaanza kuzungumza kwa lugha yao. Mke wangu, anayeielewa, alinieleza baadaye. Alikuwa anaomba msamaha kwa kuchelewa. Alimwambia amemwacha peke yake mno, miaka sitini na mitatu, lakini sasa amempata, asiogope tena.

Nikaenda kusimama nyuma ya mti.

Alipoinuka alinishika mikono yote miwili akaibusu. Mwanangu, mwanangu. Mke wangu pia alinitazama kama wakati ule wa uchumba.

Saa kumi kamili Mkuu akafunga orodha. Walioleta namba: sifuri. Kiti kimeletwa. Kinazunguka upande mmoja tu.


Jumamosi, 9 Machi

Greda lilianza saa mbili asubuhi. Nilifunga dirisha langu jipya kwa sababu ya vumbi. Hata hivyo lilisikika.

Miwani alisimama getini siku nzima, amekunja mikono. Koleo alikaa chini. Anasema katika miaka ishirini na sita hajawahi kuona makaburi yakizikwa.

Mama mkwe ametuma mikate ya kuoka, kwa ajili yangu na wenzangu. Nilikula peke yangu. Haikupita vizuri.


Jumapili, 10 Machi

Yarabi! Nimekwisha.

Mama mkwe alitaka tuandamane sote kwenda kumsalimia mdogo wake. Nilisema naumwa kichwa. Akasema tutakwenda polepole. Tukaenda. Akalala juu ya jiwe kama juzi. Mimi na mke wangu tukakaa kwenye benchi.

Mara nikaona watu wanakuja na maua. Mama mmoja mtu mzima wa miraba minne, na wanaume wanne nyuma yake, wote wana shingo moja. Wakasimama mbele ya namba 121. Yule mama akamtazama mama mkwe aliyekumbatia jiwe. Akauliza, kwa upole wa kutisha, wewe ni nani hapa.

Mama mkwe, maskini ya Mungu, alidhani ni wapita njia wenye huruma. Akamweleza. Akasema amemtafuta huyu miaka na miaka. Akasema walilala kitanda kimoja mpaka mauti yalipowatenganisha. Akasema kila usiku alikuwa akimshika mkono ndio apate usingizi.

Yule mama akaketi juu ya kaburi la jirani.

Akawageukia wanawe. Akasema kumbe ndiyo maana baba yenu kila Jumatano alikuwa na ukaguzi wa mizani mpaka usiku! Mume wake alikuwa mkaguzi wa mizani masokoni, miaka thelathini na moja ya utumishi. Mtoto wa pili akamwuliza mama mkwe kwa ukali wamezaa wangapi. Mama mkwe akasema mtoto wa watu alikuwa na miaka tisa. Hapo mambo yakaharibika kabisa. Maua yalitupwa. Mmoja wao alinikwida shati akitaka kujua mimi ni ndugu yao wa ngapi.

Ningecheka ingekuwa shati la mtu mwingine.

Mwana mkubwa ndiye aliyekuwa na akili. Akatoa cheti cha mazishi kwenye pochi. Namba 121, jina la baba yake, mwaka. Mke wangu akakisoma kwa sauti. Mama mkwe akakichukua, akakiangalia muda mrefu, akakirudisha kwa mikono miwili. Akamwomba yule mama radhi. Akaliondoa jani moja lililokuwa juu ya jiwe lao.

Kisha akanitazama. Nikajitia natafuta kifungo cha shati kwenye nyasi.

Tumerudi nyumbani. Mke wangu ameketi kitandani kwa mama yake. Mimi nipo hapa sebuleni. Kochi la mto mwekundu limegeuzwa ukutani.


Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu alikwenda ofisini kabla yangu. Nilipofika, alikuwa getini na mama mkwe, na Miwani alikuwa ameshika kile kikaratasi chenye jina, mke wangu amekitoa mfukoni mwa shati langu.

Mkuu aliagiza nifungue faili mbele ya watu wote. Nikafungua. Zilijaa skrini. Mkuu akauliza hizi ni nini. Koleo akasema ni alama za kuuliza, bosi.

Miwani hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitoa flashi kwenye mkoba, akaichomeka. Kumbe Jumatatu ile ile, nilipojitapa, alikwenda akanakili faili zima kwa tahadhari. Ndicho alichotaka kuniambia Alhamisi pale dirishani. Akabadilisha ule mstari mmoja juu ya ukurasa. Nilihesabu: dakika tatu, na katika hizo moja alikuwa akifuta miwani. Akafungua kivinjari, akaandika jina kama lilivyo kwenye kikaratasi, lenye mkia mrefu mwishoni na vidoto vitatu.

Likaja. Jibu moja. Safu ya saba, kaburi la kumi na nne. Miaka tisa. Homa.

Mama mkwe aligusa skrini kwa kidole. Akauliza kama kweli ni huyu. Miwani akasema ni huyu, mama. Kisha Miwani akanigeukia akasema kwa sauti ndogo kabisa: ungeniambia Alhamisi.

Tukateremka kule nyuma. Kweli kuna mtelemko. Chini yake ni ardhi nyekundu, tambarare, alama za magurudumu zimekauka. Hakuna safu ya saba. Hakuna safu. Koleo alihesabu hatua kutoka ukutani, akasimama. Akahesabu kutoka kwenye mfereji, akasimama pengine. Kati ya hapa na pale ni hatua nane. Alirudia mara tatu akafuta uso kwa kofia. Akasema, mama, nisikudanganye, sijui.

Mama mkwe akaomba kiti. Miwani akaleta cha plastiki kutoka getini. Mama mkwe akakiweka katikati ya zile hatua nane, akakaa, akakunjua shali, akaitandaza miguuni. Akakaa hapo mpaka tukaitwa kufunga.

Aliponipita nilimwita mama. Akamwambia mke wangu: mwambie huyo anipishe.


Jumanne, 12 Machi

Miwani ni Mkuu wa Kumbukumbu. Amechukua chumba chenye dirisha. Kiti cha kuzunguka amempa Koleo, mgongo unamsumbua.

Mimi niko getini. Kazi: orodha ya wageni. Kile kimea cha kwenye kopo ameniachia. Anasema kinahitaji maji kidogo tu, kisizidishiwe.

Nimekizidishia.


Alhamisi, 21 Machi

Siku nzito. Mvua. Wageni wanne.

Mama mkwe huja kila siku saa tatu, hata leo. Hanisalimii. Hapa getini kuna kompyuta ndogo ambayo kila mgeni huandika jina lake na la anayemtembelea. Miwani amemwekea kibodi ya herufi za kwao kwenye skrini. Anaandika kwa kidole kimoja, dakika kumi, mimi nimeshika mwavuli juu ya kichwa chake bila kuombwa. Jina lake, kisha jina la mdogo wake. Halafu anateremka na kile kiti. Miwani amemuahidi kupigania ile sehemu ya hatua nane iachwe, wasizike mtu, na Mkuu amesema atafikiria endapo orodha ya wageni itaonyesha kwamba kaburi lina mtu wake, anakuja. Siku tisa sasa, mistari tisa. Ndio ushahidi wote alio nao.

Leo baada ya yeye kuteremka niliifungua orodha kwenye kivinjari. Moyo ulinipasuka. Mistari yake yote ni takataka! Robo, nusu, paundi, a yenye kofia. Mkuu ataitazama hii Ijumaa ataona nini? Miwani amelala usingizi. Amebandika kikaratasi tu pembeni mwa skrini: USIHIFADHI KWA AINA YA ZAMANI. MSTARI WA GETINI NITAUREKEBISHA KESHO. Kesho! Watu wakishapata cheo ndivyo walivyo. Na huo msisitizo wa herufi kubwa, tumwogope nani? Mtu anayekukataza kitu kwa nguvu hivyo anaficha ufundi.

Nimeifungua kwenye programu ya kuandikia. Yakatokea, kama ile siku! Mistari tisa, safi. Sasa hata mimi nalitambua jina la yule mtoto, mkia mrefu mwishoni, vidoto vitatu. Mara tisa. Nililiangalia mpaka machozi yakanitoka, wallahi.

Nikawaza: kesho saa tatu atakuta yamekaa sawa. Atauliza nani ametengeneza. Koleo atamwambia. Atanigeukia. Pengine atalisema lile neno, hata kama ni haraka haraka, kama aliyejikwaa.

Hifadhi. Aina mpya, aina ya zamani. Kompyuta hii ni ya zamani. Likatokea lile dirisha la njano: herufi zitapotea, una uhakika?

Nimelikumbuka. Mimi si mjinga. Nilikaa nikatafakari kosa langu la safari ile lilikuwa wapi, na nimeligundua. Nilibonyeza kwa pupa.

Leo nimebonyeza Ndiyo polepole.